Pishi ya Kukopea na Pishi ya Kulipia

Enzi za vibaba na pishi, kila mji wa pwani ulikuwa na pishi yake, na pishi ya mji mmoja haikulazimika kulingana na ya mji wa pili. Hilo peke yake halikuitwa dhuluma. Mwenye kutoka Pangani kwenda Mombasa alijua kwamba anaingia kwenye kipimo kingine, akauliza, akaambiwa, biashara ikaendelea. Dhuluma ilikuwa kukopa mpunga kwa pishi kubwa na kuulipa kwa pishi ndogo, au kuukopesha kwa ndogo na kuudai kwa kubwa. Hapo dini hazikuacha nafasi ya mabishano. Qurani ina sura iliyopewa jina la wapunjaji wa vipimo, na Torati inamkataza mtu kuwa na mawe mawili ya mizani mfukoni, kubwa na dogo. Lakini maandiko hayo yanamzungumzia mtu aliyeipinda mizani kwa mkono wake. Yanatuachia swali ambalo miaka mia iliyopita imelifanya kuwa la kila siku. Fedha nayo ni pishi, na pishi hii hupungua au hukua ikiwa kati ya watu wawili ambao hakuna aliyeigusa. Ikibadilika baina ya siku ya kukopa na siku ya kulipa, haki ni kurudisha idadi ileile, au ni kurudisha kile ambacho idadi ile iliweza kununua?

Muheza ni mahali pazuri pa kulipimia swali hili, kwa kuwa mji huu hula na kuvaa kwa shilingi ya Tanzania lakini jicho lake moja liko kwenye shilingi ya Kenya. Machungwa yake huliwa Dar es Salaam, ila wanunuzi wa kutoka Kenya ni nguzo ya soko hilo, na malori yanayopakia msimu wa katikati ya mwaka hupita Horohoro kuelekea Mombasa na kwingineko. Zamani shilingi hizi mbili zilikuwa moja. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu kuanzia mwaka 1921, ilitumika Muheza kama ilivyotumika Vanga. Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango tarehe 14 Juni 1966, na kabla mwaka haujaisha Uganda na Kenya nazo zilikuwa na noti zao, lakini shilingi zote tatu zilibaki sawa kwa sawa: 20 kwa pauni moja, 7 na senti kadhaa kwa dola. Uingereza iliposhusha thamani ya pauni Novemba 1967, zote tatu zilikataa kuifuata. Oktoba 1975 zilifungwa pamoja kwenye kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa kwa kiwango kimoja. Kwa miaka kama kumi, basi, mtu wa Vanga aliyemkopesha shemeji yake wa Muheza shilingi 1,000 hakuwa na sababu ya kuuliza ni shilingi ipi. Kuuliza kungeonekana uchokozi.

Tumfuate huyo shemeji wa kufikirika na deni lake. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mwaka 1990 dola moja ilikuwa takriban shilingi 195 za Tanzania na 23 za Kenya, yaani shilingi moja ya Kenya ilikuwa sawa na nane na nusu za Tanzania. Mwaka 2000 ilikaribia kumi na nusu, mwaka 2010 ikakaribia kumi na nane, na mwaka 2016 ikapita ishirini na moja. Shilingi 1,000 zilizokopwa zikiwa sawa kwa sawa, zikilipwa mwaka huo kwa noti za Tanzania, zingempa yule wa Vanga chini ya shilingi hamsini za kwao. Ukiishia hapo, utasema mkopaji amekula mali ya mwenzake. Lakini shilingi ya Kenya yenyewe ilitoka saba kwa dola mwaka 1966 ikafika mia moja na zaidi nusu karne baadaye. Waza watu wawili wanaoteremka mlima kwa njia ya kutoka Amani kuja Muheza, mmoja akikimbia, mwingine akitembea. Kiwango cha kubadilishia fedha hukuambia wameachana kwa umbali gani, wala hakikuambii kila mmoja ameshuka kiasi gani tangu kileleni. Mwenye kulilia kiwango peke yake anadai kupimiwa urefu wake kwa kivuli cha jirani. Mapema mwaka 2024 dola ilifika karibu shilingi 160 za Kenya, na miezi michache baadaye ikarudi karibu 130. Katika miezi hiyo shilingi ya Kenya ilipanda kutoka kama kumi na sita za Tanzania hadi kama ishirini, na hakuna mchungwa hata mmoja wa Muheza uliozaa tamu zaidi kwa ajili hiyo.

Lugha yetu ina kumbukumbu nzuri ya jambo hili kuliko vitabu vingi vya uchumi. Neno fedha ni madini, na noti tunayoiita fedha haina hata chembe ya madini hayo. Pesa ilikuja na rupia kutoka Bara Hindi. Hela ilikuja na Wajerumani, walipoamua mwaka 1904 kuigawa rupia yao kuwa hela 100 badala ya pesa 64, na kuifunga rupia 15 kwa mark 20. Sarafu inatokana na neno la Kiarabu la kubadilishana fedha, kana kwamba waliotuachia neno hilo walijua kwamba fedha ya pwani haikuwahi kukaa pasipo fedha nyingine ubavuni mwake. Na kila moja ilikuja ikiwa na utawala nyuma yake. Kodi ya kibanda ya rupia tatu, iliyoanza 1898, ilimfanya mkulima wa Bonde na wa milimani Usambara aihitaji rupia kabla hajaipenda, akaifuata kwenye reli na kwenye mashamba ya mkonge. Hakuichagua pishi hiyo. Mwanafalsafa Aristotle aliona mapema kwamba fedha husimama kwa kanuni za watu wala si kwa maumbile, na kwamba thamani yake nayo haikai mahali pamoja. Hakusema, hata hivyo, nani alipe gharama kanuni ikibadilishwa.

Jibu la haraka ni kwamba mdai ndiye anayeumia siku zote, kwa hiyo mdai alindwe. Mwaka 1920 unalikanusha. Kabla ya Vita vya Kwanza rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja. Bei ya madini ya fedha ilipopanda baada ya vita, rupia nayo ikapanda, na mwaka huo serikali ya Uingereza ikaifunga Afrika Mashariki kwenye rupia kumi kwa pauni. Mlowezi wa Kenya aliyekopa rupia 1,500 zenye thamani ya pauni 100 aliamka akiwa anadaiwa pauni 150, hali kahawa yake na mkonge wake vinauzwa London kwa pauni zilezile. Hakuongeza hata senti ya matumizi. Deni liliongezeka kwa nusu kwa amri. Walowezi walipiga kelele, na katika hili walikuwa na hoja. (Mwaka uliofuata walipunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, jambo lililomwinua mwanaharakati Harry Thuku na wenzake; mtu huijua pishi iliyopinda pale inapompunja yeye.) Pishi iliyokuwa imekua mwaka 1920 ilimwonea mdaiwa, na pishi iliyopungua baada ya 1977 ilimwonea mdai. Kanuni yoyote ya haki tutakayoitafuta lazima ihimili kugeuzwa juu chini: aliyeidai leo akiwa mdai aweze kuikubali kesho akiwa mdaiwa.

Katika mapokeo ya Kiislamu yapo maelezo mafupi ambayo naona yamebeba zaidi ya yale yanayotolewa humo kwa kawaida. Ibn Umar, sahaba wa Mtume, alikuwa akiuza ngamia Baqii, Madina; anauza kwa dinari na kupokea dirhamu, au kinyume chake. Akamuuliza Mtume. Jibu, kwa maana yake, lilikuwa kwamba hapana ubaya akipokea kwa bei ya siku ile, mradi wasiachane hali kuna kitu kimebaki kati yao. Watu hushika sehemu ya kwanza, bei ya siku, na kuifanya kanuni ya maduka ya kubadilishia fedha. Lakini masharti hayo mawili yametembea pamoja, na la pili ndilo linalolipa la kwanza uhalali wake. Bei ya siku ni ya haki kwa sababu watu wote wawili wamesimama ndani ya siku hiyohiyo, na kila mmoja anaondoka akiwa amemaliza. Ni ukweli wa siku moja. Tena nyuma yake palikuwa na dinari, ambayo ilikuwa uzito wa dhahabu. Aliyedai dinari kumi alijua anadai nini hata mwaka ukipita. Sisi tumeichukua kanuni ya siku moja na kuitwika madeni ya miaka, huku kile kilichokuwa nyuma yake, uzito usiobadilika, kimekwisha kuondoka.

Wanasheria wa Kiislamu waliliona pengo hilo tangu enzi za fulusi za shaba, ambazo thamani yake ilitegemea amri ya mtawala kama noti zetu. Hawakukubaliana. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliona kwamba fulusi zikibadilika thamani, mdaiwa hulipa thamani ya siku deni lilipoingia. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, neno lenye nguvu limekuwa kulipa mfano kwa mfano: uliyechukua mia, rudisha mia. Suyuti wa Misri, aliyefariki mwaka 1505, aliandika risala mahususi juu ya suala hili. Na Desemba 1988 jopo la wanazuoni wa Jumuiya ya nchi za Kiislamu, lililokutana Kuwait, liliamua hivyohivyo kuhusu noti: deni hulipwa kwa mfano wake, wala halifungwi kwenye kupanda na kushuka kwa bei. Sababu yao ni nzito. Mkopeshaji akiruhusiwa kudai zaidi ya idadi aliyotoa, hata kwa jina la thamani, mlango wa riba umefunguliwa, na hakuna atakayejua ni wapi fidia inakwisha na faida inaanza.

Naikubali kanuni hiyo kama kanuni. Ninachokataa ni kwamba inamaliza swali. Ipo tofauti kati ya fedha inayolika kidogokidogo na fedha inayokatwa. Shilingi inayopoteza thamani kidogo kila mwaka inajulikana kwa wote wawili kabla hawajapeana mikono; anayekopesha kwa mwaka mmoja amekubali mlio wa panya ghalani. Juni 1986, chini ya serikali ya Rais Mwinyi na katika mwaka wa makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, dola iliondoka kwenye shilingi 17 ikaenda kwenye 40. Ambaye alikuwa anadai kwa shilingi wiki moja kabla hakupoteza kwa ubashiri mbaya wala kwa uvivu. Pishi ilibadilishwa ghalani. Mdaiwa ambaye mali yake haikuwa noti bali mashina ya michungwa, ng'ombe au nyumba, alibaki na mali ileile na kupunguziwa deni kwa zaidi ya nusu likipimwa kwa dola. Akirudisha idadi, mahakama itamwacha aende zake, na fatwa ya Kuwait itamwacha pia. Lakini kati yake na mwenzake kuna kitu kimebaki, na yeye anakijua. Sharti la pili la Baqii halijatimia.

Dai langu, basi, ni hili. Idadi ndiyo haki ambayo mdai anaweza kuisimamia mbele ya kadhi au hakimu. Sulhu ndiyo haki ambayo mdaiwa anadaiwa na dhamiri pale kipimo kilipovunjwa na mkono usio wa mmoja wao. Na sulhu hiyo haiwezi kuwa kumlipa mdai thamani yote, kwa sababu mdaiwa naye hakuivunja pishi. Hasara iliyoletwa na mtu wa tatu hugawanywa. Ikigeuzwa, kanuni hii inamlinda mkopaji wa mwaka 1920 kama inavyomlinda mkopeshaji wa mwaka 1986, jambo ambalo kanuni ya thamani tupu na kanuni ya idadi tupu, kila moja kwa upande wake, imeshindwa kulifanya.

Mtu atasema hiyo ni riba iliyovaa kanzu. Sidhani. Riba ni ziada ambayo mkopeshaji ameiwekea sharti, inayomjia pasipo yeye kubeba hasara yoyote. Hapa hapana sharti lililowekwa mapema, na mkopeshaji anabeba hasara. Kinachozungumzwa ni ukubwa wa hasara hiyo tu. Ndiyo maana nimesema sulhu, inayokuja baadaye na kwa hiari, wala si kifungu cha mkataba kinachofunga deni la shilingi kwenye dola. Kifungu kama hicho kinafanana sana na kile ambacho wanazuoni wamekikataa, na katika hilo nadhani wameona mbali: mwenye nguvu ya kuandika mkataba daima huandika fedha inayopanda.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka upande wa pili. Litasema kosa halikuwa kushusha thamani. Kosa lilikuwa kuishikilia juu kwa uongo, na mwaka 1986 ulikuwa siku ya kusema kweli. Pingamizi hili lina ushahidi. Kwa kiwango rasmi cha mwaka 1982, dola ilikuwa shilingi 9 na senti 30 hivi za Tanzania na karibu 11 za Kenya, yaani katika karatasi shilingi yetu ilikuwa na nguvu kuliko ya jirani! Hakuna mtu wa mpakani ambaye angekupa shilingi ya Kenya kwa kiwango hicho. Sabuni na nguo zilipita vichochoroni kwa kiwango kingine, na mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine alipoendesha msako wa wahujumu uchumi, sehemu ya walichokuwa wakifanya watu hao ilikuwa kuishi ndani ya tofauti ya pishi mbili: ya ofisini na ya kichochoroni. Mwalimu Nyerere alikataa kwa miaka kushusha thamani, akiamini kwamba mzigo ungemwangukia maskini. Nia hiyo siidharau. Ila mkulima aliyeuza zao la kwenda nje alilipwa kwa shilingi zilizohesabiwa kwa pishi ya ofisini, akanunua sabuni kwa pishi ya kichochoroni. Alikuwa na mawe mawili katika mfuko ambao haukuwa wake. Kwa hiyo nakubali: kiwango kilichogandishwa nacho chaweza kuwa upunjaji, na hata mrefu kuliko ule wa siku moja. Hilo haliondoi hoja ya sulhu, linaihamisha nyuma tu. Kama pishi ilikuwa ya uongo tangu mwanzo, wanaopatana wana sababu zaidi ya kutazama kilichotolewa, wala si kilichoandikwa. Uganda, Mei 1987, ilifuta sifuri mbili kwenye noti zake na kukata asilimia 30 katika kila kilichobadilishwa. Kufuta sifuri hakukumdhulumu mtu, kwa kuwa pishi ilipewa jina jipya tu. Ile thelathini ilikuwa mchele wenyewe.

Limebaki pingamizi la mtu wa vitendo, anayesema kwamba watu wazima wanaopatana wajilinde kwa mapatano. Sheria ya salam, ya kulipia leo mazao ya baadaye, inataka kipimo, uzito na tarehe vitajwe wazi kwa sababu hiyohiyo, na mafundisho mengine yanazuia kuuza matunda kabla hayajaonyesha kukomaa. Katika machungwa yanayouzwa yakiwa bado mtini, ulinzi huo hupungua kwa namna ambayo haihitaji mtu mwovu. Mnunuzi anayeendesha magari kati ya nchi mbili huiona shilingi ya Kenya ikipanda au kushuka kila asubuhi kwenye simu yake. Mkulima huiona siku ya kulipwa. Wakikubaliana bei mwezi wa nne na kulipana mwezi wa nane, mmoja tu kati yao anaweza kuchagua siku ya kuleta gari, na anayechagua siku amechagua pishi. Hapa sulhu ya baada haitoshi, maana mkono ulioigusa pishi unajulikana ni wa nani. Wakala wa Vipimo wamehangaika miaka mingi na lumbesa, gunia lililorefushwa kwa kamba hadi likawa gunia na nusu kwa bei ya gunia. Lumbesa ya tarehe haina kamba ya kuonyesha.

Mwaka 2025 Tanzania ilitoa kanuni za kuzuia bei na malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Kwa mujibu wake, chungwa la Muheza lina bei ya shilingi ya Tanzania, na mnunuzi wa kutoka ng'ambo ndiye abadilishe fedha zake kabla ya kulipa. Jambo hilo limemwondolea mkulima hesabu moja, ya kugawanya kwa ishirini au kwa kumi na sita. Ile nyingine, ya siku ngapi zinapita kati ya kupeana mikono na kuhesabiwa noti, kanuni haikuigusa. Inategemea kama siku gari litakapochelewa mwezi mzima, yule aliyelichelewesha ataleta idadi iliyoandikwa, au atauliza kwanza kama kuna kitu kimebaki kati yao.